Safu Tatu za Mama Benta

Sauti yake niliijua miaka mingi kabla ya kumwona mwenyewe. Ukiwa mahali popote kati ya Homa Bay na Migori saa saba mchana, jua likiwa limewalaza hata mbwa, utaisikia ikitoka kwa kinyozi, ikitoka kwenye duka la mbolea, ikitoka kwenye simu ya mama anayeuza ndizi: sauti ya chini, isiyo na haraka, inayosoma majina ya waliofariki. Mimi ni Mkisii, na Kijaluo changu ni cha kununulia samaki tu. Hata hivyo nilikuwa nikimaliza kula naegemea kiti, nafumba macho, namwacha anisomee. Jina la marehemu, jina la baba yake, kijiji, waliobaki. Mara nyingi usingizi ulinipitia kabla hajafika kwa wajukuu. Najua si adabu kusinzia katika misiba ya watu, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Kwa hiyo Jumanne moja ya Septemba, mwanamke wa miaka arobaini na kitu aliposimama mlangoni mwa darasa langu na kikapu mkononi, nilimwambia bila hata kumtazama vizuri, "Mzazi, ofisi ya karo iko chini."

"Mimi ni mzazi kweli, mwalimu," akasema. "Lakini hapa nimekuja kusoma."

Darasa zima lilinyamaza. Vijana sitini wa mwaka wa kwanza, ambao hawanyamazi hata nikigonga meza, waligeuka wote pamoja. Ile sauti waliijua tangu wakiwa wanabebwa mgongoni. Kisha Cliff, kijana mmoja mrefu mwenye mdomo mrefu zaidi, akanong'ona kwa nguvu, "Wasee, leo nani amededi?"

Walicheka mpaka vumbi likatoka kwenye mapazia. Yeye pia alicheka. Akaketi mstari wa mbele kabisa, akatoa daftari la kurasa mia mbili na kalamu tatu, akanitazama kama mtu aliyekata tiketi na sasa anangoja gari liondoke. Jina lake ni Emmaculate Adhiambo, lakini wiki ya pili ilipofika tulishazoea kumwita Mama Benta, kwa jina la binti yake wa pekee.

Niseme kidogo habari zangu, kwa sababu bila hasira zangu hadithi hii isingekuwapo. Naitwa Motari. Nilikuwa mwandishi wa habari za mashinani miaka ishirini na miwili, nikiandika kuhusu barabara mbovu na madaraja yasiyofika ng'ambo, kabla ya chuo kimoja kunipa kazi ya kufundisha Misingi ya Uandishi wa Habari katika kampasi yake ya Migori. Kampasi yenyewe ni ghorofa mbili juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Ukieleza maadili ya uandishi, huku chini mtu anapakua mabati. Nafundisha Jumanne, saa nane mpaka saa kumi na moja, wakati ambao akili ya binadamu inataka kulala tu.

Kuna neno moja nimelipiga marufuku darasani mwangu: inasemekana. Mtu akiliandika namrudishia karatasi bila kusoma zaidi. Nani amesema? Alimwambia nani? Wewe ulikuwa wapi? Na kila somo naanza kwa kuchora ubaoni safu tatu. Ya kwanza naandika Niliona. Ya pili, Niliambiwa. Ya tatu, Nadhani. Kila sentensi ya habari lazima iwe na safu yake, na isiyo na safu ifutwe. Sikujifunza hayo kwenye kitabu. Nilijifunza siku niliyoandika kwamba daraja fulani limeanguka, watu wakazunguka kilomita thelathini, na daraja lilikuwa limesimama tu, linaota jua.

Mama Benta alizipenda zile safu. Alizichora kwenye kila ukurasa wa daftari lake, kwa rula. Kituo chake cha redio kule Homa Bay kilikuwa kimewaambia wasomaji wake wote wa matangazo kwamba mwaka mpya ukianza, asiye shuleni hatakaa kwenye maikrofoni, na ndiyo sababu iliyomleta. Kila Jumanne alifika asubuhi kutoka Homa Bay, siku hiyo mwenzake akimshikia zamu, na akarudi jioni. Lakini aliniambia siku moja kwenye ngazi kwamba hata bila hilo angekuja. "Nimefanya hii kazi miaka kumi na nane, mwalimu. Nataka kujua ni kazi gani."

Wiki ya tano niliwapa zoezi. Kila mmoja alete habari moja ambayo yeye mwenyewe aliwahi kuisambaza, kisha aifuate kinyumenyume, mtu kwa mtu, mpaka kwa aliyekuwa wa kwanza kuisema. Akikuta ni uongo, aandike sahihisho. Cliff alileta mamba wa Sori aliyepasuliwa akakutwa na sare ya shule tumboni. Aliituma kwa watu mia nne, na baada ya siku tatu za kuuliza aligundua kwamba wa kwanza kuisema ni binamu yake, ambaye hajawahi kufika Sori. Tulicheka sana. Mwingine alileta habari ya mchungaji, mwingine ya sukari. Mama Benta akainua mkono.

"Kama habari yenyewe ni ya zamani?"

"Ya zamani kiasi gani?"

"Miaka kumi na saba."

Nikamwambia habari haizeeki kama haijathibitishwa. Napenda kusema maneno ya namna hiyo; yananifanya nijione mwalimu. Akaandika, akapigia mstari, kisha akasema polepole, "Basi nitaleta ya ndugu yangu Zadock."

Hakuna aliyecheka. Nilimngoja baada ya darasa tukakaa kwenye ngazi, upepo wa jioni ukipanda na harufu ya rangi kutoka dukani, naye akanieleza.

Zadock alikuwa mdogo wake, fundi wa mashine za mashua huko kwao Karungu. Kijana wa miaka ishirini na tatu, mikono ina grisi mpaka kanisani. Siku moja alitoka peke yake kwenda kujaribu mashine aliyokuwa ameifungua na kuifunga upya. Mashua ilipatikana kesho yake karibu na Sindo, inaelea, mashine imepoa, yeye hayumo. Mwili haukuonekana kamwe. Wazee wakafanya vile wanavyofanya mtu akipotelea majini: wakakata tunda la yago, lile refu zito linaloning'inia mtini, wakalivisha shati lake, wakalizika mahali pake. Na tangazo la kifo alilisoma yeye mwenyewe, Emmaculate, hewani saa saba mchana, akiwa na mwaka mmoja tu kazini.

"Sasa kuna shida gani?" nikauliza.

Shida ilikuwa mtoto. Benta, binti yake, alikuwa amejifungua mvulana wiki tatu kabla, na alikuwa kwa bibi yake Karungu akitunzwa. Mtoto halali. Analia mchana, analia usiku, zahanati wamempima wakasema hana kitu. Na kwa Wajaluo, hata hawa Wasabato wenzangu ambao Jumamosi wanaimba nami kitabu kimoja, mtoto akilia hivyo wazee hujua anatafuta jina. Wanamwitia majina ya waliotangulia, moja moja, na litakalomnyamazisha ndilo lake. Walikuwa wameita ya babu, ya shangazi, ya mjomba aliyekufa vitani. Mtoto analia tu. Jina moja halikuwa limeitwa, la Zadock, kwa sababu bibi alikataa.

Huyo bibi, mama yao, mpaka leo kijiji kizima kinamwita Min Zadock, yaani mama yake Zadock. Na sababu yake ilikuwa ya sheria kabisa. Jina la namna hiyo halipewi mtoto kwa kupenda. Marehemu mwenyewe humjia mtu ndotoni akaliomba. Zadock hajamjia mtu. Miaka kumi na saba, watoto tisa wamezaliwa katika ukoo ule, na hakuna aliyemwota. Na aliye hai hachukuliwi jina lake. Kwa hiyo, akasema bibi, liacheni.

"Mimi nataka ndugu yangu apate mtu," Mama Benta akasema. Macho yalikuwa yamemjaa lakini sauti ilikuwa ileile ya saa saba, haikutikisika. "Hana kaburi la kweli, hana mtoto, hana jina kwa mtu. Nikimwonyesha mama kwamba kweli alikufa, nikamletea aliyeona, atakubali. Ila namngoja pia kwa usingizi, mwalimu. Kila siku nikilala namwambia, njoo basi. Naota ziwa. Naota dagaa wetu, omena, zimeanikwa mpaka mwisho wa dunia. Yeye simwoti."

"Mama Benta," nikamwambia, "ndoto si chanzo cha habari."

Akaitikia kwa kichwa, akaandika na hilo. Namkumbuka akiliandika, na kila nikikumbuka natamani ningekuwa nimenyamaza.

Karatasi yake ya kwanza ilikuja baada ya wiki moja. Safu ya Niliona ilikuwa tupu. Chini ya Niliambiwa aliandika kwamba taarifa ililetwa kituoni na baba yake, sasa marehemu, ikiwa imeandikwa kwa mkono kwenye karatasi ya daftari la shule, wino wa buluu, imekunjwa mara nne, inanuka moshi wa jikoni. Na kwamba aliyethibitisha kifo ni Levis, mzee wa kamati ya ufuo pale Sori, aliyepiga simu. Nilisoma nikaona hii ni kazi nzuri. Nikazungushia duara lile neno karatasi, nikauliza pembeni: Iko wapi? Na kuhusu Levis: Muulize upya.

Alikwenda Sori siku ya Jumapili. Levis alikuwa amezeeka, amekaa kwenye ngazi za ofisi ya kamati akishona kiatu. Mama Benta alinieleza mazungumzo yao yote, na hayakuwa marefu.

"Mzee, ile siku ya Zadock ulinipigia simu ukaniambia nini?"

"Mimi? Mimi sikukupigia, nyathina, mwanangu. Mimi nilisikia kwa redio."

"Kwa redio gani?"

Mzee alimtazama kwa huruma, akidhani labda anaumwa. "Kwa yako. Si ni wewe ulisema?"

Akaenda kwa chifu mstaafu; chifu alisikia redioni. Akaenda kwa pasta; pasta aliambiwa na mkewe, na mkewe alisikia redioni. Kila mlango aliobisha, akifuata habari kinyumenyume kama nilivyomfundisha, alikutana na sauti yake mwenyewe imeketi sebuleni inamngoja.

Ikabaki karatasi ya baba. Ijumaa iliyofuata nilikuwa Homa Bay kwa shughuli zangu, nikapita kituoni kumsalimu. Kituo ni vyumba viwili, ukuta umewekwa maboksi ya mayai kuzuia mwangwi, dirisha moja linatazama ziwa. Ilikuwa saa tano asubuhi, ukungu ulikuwa bado haujainuka, na huko nje maji na mbingu vilikuwa kitu kimoja cheupe. Alikuwa ameteremsha kutoka kabatini madaftari ya zamani ya matangazo. Kila tangazo la kifo huandikwa humo: tarehe, jina la marehemu, barua ya chifu, na jina la aliyelileta. Pasipo aliyelileta, halisomwi. Hiyo ndiyo kanuni yao, na ni kanuni nzuri kuliko nyingi nilizoziona katika magazeti makubwa.

Alifungua mwaka ule, akafunua kurasa kwa kidole, akasimama. Nilisogea. Jina la Zadock lilikuwapo, kwa wino wa buluu. Nafasi ya barua ya chifu ilikuwa imepigwa mstari. Nafasi ya aliyelileta ilikuwa imeandikwa Emmaculate, kwa ule mwandiko wake wa mviringo ninaoujua kutoka darasani.

Alikaa chini.

"Karatasi ya baba naiona hivi," akasema, akikunja mikono hewani mara nne. "Naiona mpaka mikunjo. Nausikia moshi. Mwalimu, hiyo karatasi haikuwako."

Kisha ikamrudia, kidogokidogo, kama mtu anayeamka. Mtu asiyemjua alipiga simu kutoka Sindo asubuhi ile. Alisema tu kwamba mashua ya Karungu imepatikana tupu, na shati la fundi limo. Hakusema mtu amekufa. Lakini Emmaculate alifikiri: litaletwa tu tangazo, kama si leo ni kesho, na siku hiyo mwingine anaweza kuwa zamuni, amsome ndugu yangu akikosea jina la baba. Heri nimsome mimi. Ilikuwa saa saba kasoro dakika tano. Akaandika, akaingia, akasoma. Ilikuwa ni upendo, na ulikuwa na haraka.

Nilirudi Migori nikiwa na hasira isiyo na mtu wa kuipokea.

Karatasi ya pili ilikuja Jumanne. Ilikuwa fupi na safi, nami sijasoma sahihisho kama lile. Aliandika kwamba siku fulani, saa saba mchana, alitangaza kifo cha Zadock bila kuambiwa na mtu yeyote. Kwamba kinachojulikana ni mashua tupu na shati. Na kwamba hajui kama Zadock alikufa. Alitaka kulisoma hewani Jumatatu, saa ileile ya kosa. Alijua linamgharimu nini. Akilisoma, hakuna atakayethubutu tena kumpa mtoto jina la mtu ambaye dada yake mwenyewe ametangaza kwamba huenda yu hai. Sabato ya baada ya tangazo hilo mtoto angewekwa wakfu kanisani kwa jina jingine lolote, na Zadock asingekuwa wa wafu wala wa walio hai. Alikuwa ametoka kumtafutia ndugu yake mahali, na sasa alikuwa anamwondolea hata pale alipokuwa.

Nilimpa alama kumi na saba kwa ishirini. Nikatafuta pa kuondolea tatu, maana mimi sitoi ishirini, na nikaandika chini kwa kalamu nyekundu, kwa mazoea tu: Umewahoji watu sita. Mama yako hukumuuliza. Muulize kabla ya kutangaza lolote.

Nikamrudishia jioni ileile, nikasahau. Mwalimu huandika mengi mekundu akasahau.

Jumatatu ile nilikuwa hotelini Migori, nimemaliza samaki, nimeegemea kiti, macho nimefumba. Sauti ikaanza. Jina, baba, kijiji. Halafu nikasikia Zadock, nikafumbua macho. Mhudumu alikuwa amesimama na sahani mkononi.

"Anasemaje?" nikamuuliza.

"Anasema miaka kumi na saba imepita alitangaza kifo cha ndugu yake na hakuwa ameuliza mtu, hata mama yake. Anaomba msamaha." Akasikiliza. "Anasema sasa ameuliza." Akasikiliza tena, akakunja uso. "Anamtangaza tena kuwa amefariki. Waliobaki ni mama, dada, Benta... na Zadock. Sasa, Zadock amekufa ama Zadock yuko?"

Hata mimi nilikuwa sijui, na somo lilikuwa kesho yake.

Alikuja mapema, kabla ya wengine, akaniwekea karatasi ya tatu mezani, akaniambia hivi.

Alikuwa amekwenda Karungu Alhamisi. Alimkuta mama yake uani, anaanika omena. Benta alikuwa ndani na mtoto, na kilio kilikuwa kimezoeleka mpaka kuku hawakishtukii. Mama Benta akaketi chini kwenye gunia, akatoa daftari.

"Unataka kuandika nini?" mama akauliza.

"Nataka kukuuliza ile siku, mama."

Mama aliendelea kutandaza omena, mkono unakwenda na kurudi. Kisha akasema, "Wote walikuja kunipa pole. Chifu alikuja, pasta alikuja, kwaya yote ilikuja. Hakuna mtu aliniuliza kitu."

"Nakuuliza sasa."

"Basi andika. Nilikuwa hapa hapa. Redio ilikuwa juu ya lile jiwe. Nikasikia sauti yako, nikafurahi, vile nilikuwa nafurahi kila siku nikikusikia. Nikaongeza sauti."

Mama Benta aliacha kuandika.

"Andika," mama akasema. "Ukasema jina lake. Ukasema la baba yake, ukasema kijiji. Ukasema amemwacha mama. Ulisoma vizuri, hukukwama mahali. Nikajua kuna kitu umekiona ukaogopa kuja kuniambia. Miaka yote hii najua umekiona, na wewe hausemi, na mimi siulizi."

"Sikuona kitu, mama. Sikuambiwa na mtu. Nilidhani tu."

Mkono ukasimama juu ya omena. Mama Benta anasema alingoja kofi, na angelipokea. Badala yake mama yake alikaa chini kwenye lile gunia, karibu naye, magoti yakalia.

"Kesho yake alfajiri alikuja," mama akasema. "Alisimama hapo kwa mlango wa jikoni. Miguu imelowa, mikono ina grisi yake. Akaniambia, Mama, mnipatie mtu wa kubeba jina langu. Nikamwambia, toka hapa, wewe si mfu, ni dada yako amekosea kwa redio. Akanitazama. Akaenda. Hajarudi tena."

"Na hukumwambia mtu."

"Ningemwambia nani? Nikisema, tunakuwa wawili tunasema amekufa, mimi na wewe. Mmoja lazima abaki akikataa. Nikasema niwe mimi." Akajifuta mikono kwa kitenge, kidole kwa kidole. "Lakini kama redio haikujua, basi ni mimi peke yangu ninayejua. Na mimi nilimfukuza mtoto wangu kwa mlango, akiwa amelowa."

Alilia, kwa mara ya kwanza mbele ya binti yake tangu siku ile. Wakakaa hapo, omena zikikauka, ziwa likiwaka mbele yao mpaka halitazamiki. Halafu mama akanyanyuka, akanawa mikono mara mbili ili iishe harufu, akaingia ndani, na Mama Benta akamfuata.

Mimi nilimsikiliza nikiwa nimeshika kalamu nyekundu. Nilitaka kusema kitu kuhusu vyanzo, kwamba watoto hunyamaza kwa sababu nyingi, kwamba wiki ya sita tumbo huwatulia. Nilikuwa nimefungua mdomo kabisa. Vijana wakaanza kuingia, Cliff mbele, akamwona, akavua kofia, akasema, "Pole, mama. Tuliskia jana," na hakutia utani wowote.

Nikaishushia macho ile karatasi. Safu zilikuwa tatu, zimepigwa rula. Chini ya Niliambiwa aliandika ndoto yote, neno kwa neno, na jina la aliyemwambia na siku na mahali. Chini ya Niliona aliandika sentensi moja: Nilimwona mama yangu akimwinua mtoto, akamwita Zadock, akamwambia ingia, na mtoto akanyamaza.

Safu ya Nadhani aliiacha tupu.